Besi Iliyopotelea Mlangoni

Jumamosi, 28 Juni 2025

Spika ya mlango wa kulia imekata kauli leo. Ilikuwa ikikoroma tangu Ramadhani, nami nikisingizia rekodi kuwa ni za zamani. Nilikuwa kwenye foleni ya Kilwa Road, wimbo wa bendi ya Sikinde ukaingia kwenye chemko, pale magitaa yanapoanza kukimbizana, na mlango ukatoa mlio wa nailoni inayopigwa na upepo. Kisha upande ule ukanyamaza.

Gari ni Toyota IST ya 2004, na spika ni zilezile ilizotoka nazo Japani. Redio yake ya kwanza niliitoa siku nyingi. FM ya Japani ya miaka ile ilianzia 76 ikaishia 90, yetu inaanzia 87.5 kwenda 108, kwa hiyo nilikuwa nikipata kipande cha megahezi mbili na nusu tu, na maandishi yote ya Kijapani. Redio niliyonayo sasa haina tatizo.

Ninachokitaka nakiandika leo, kabla sijaingia dukani nikachanganywa. Sitaki kelele. Nataka magitaa ya dansi niyasikie kila moja mahali pake: solo, lile la pili linaloizunguka solo, ridhimu, na besi chini yao. Zaidi besi. Nilikua nikiisikia kwa mjomba, kwenye redio yake kubwa ya sebuleni. Besi ndiyo iliyokuwa ikiniambia wimbo unakwenda wapi kabla mwimbaji hajafika. Kwenye gari hili sijawahi kuisikia, na humu ndimo ninamokaa karibu saa tatu kila siku, kwenda na kurudi.

Jumapili, 29 Juni

Nimefungua mlango mwenyewe. Skrubu ya nyuma ya kitasa, skrubu ya kwenye mshikio, halafu klipu zinazozunguka kava lote, unazibandua moja moja kwa kupenyeza kitu cha plastiki ili rangi isichubuke. Mbili zimevunjika. Gerezani zinauzwa, nitachukua na za akiba.

Chini ya kava kuna nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi inayonata kama ulimbo. Fundi aliyetengeneza mota ya kioo mwaka juzi aliichana katikati akaiacha hivyohivyo. Spika ni ya inchi sita na nusu, koni ya karatasi, sumaku ndogo ya kutia huruma. Ukingo wa koni, ule unaoiruhusu kwenda mbele na kurudi, umekuwa unga. Nimeugusa ukabaki kidoleni.

Nimegonga bati la mlango kwa kucha. Linalia kama debe.

Alhamisi, 3 Julai

Kariakoo, baada ya kazi. Duka la kwanza kijana amenishushia boksi lililochorwa moto, na namba kubwa: 1000W. “Dada, hii ndiyo inayopiga. Mtaa wa pili watakusikia.” Nikamuuliza RMS yake. Akaligeuza boksi pande zote. Haikuandikwa popote.

Hiyo elfu moja ni wati za kilele, za kufumba na kufumbua, na wengine hawajapima hata hicho kilele. RMS ndiyo wati ambazo spika inazibeba kutwa bila kuungua. Boksi lisilotaja RMS silinunui, hata lichorwe nini.

Usiku nimekaa na kikokotoo. Redio yangu yenyewe imeandikwa usoni 50W mara 4, yaani wati 200. Nyuma yake kuna fyuzi ya ampia 10. Injini ikiwaka, altaneta inaleta volti 14.4 hivi. Kumi mara 14.4 ni wati 144, na hizo ndizo zinazoingia, kabla joto halijala fungu lake. Mia mbili zitoke wapi? Nikakokotoa tena kwa njia nyingine: volti 14.4 juu ya spika ya omu 4, sauti ikiwa safi bila kukatika vichwa, haivuki wati 26 kwa kila spika. Kwa kawaida redio hizi hutoa 15 hadi 20. Kazi yangu ni vitabu vya hesabu, na mtu akiniletea vitabu vya namna hii namrudishia.

Kama wati zangu ni 15, basi cha kuangalia ni wepesi wa spika: inatoa desibeli ngapi kwa wati 1, ukiipima kutoka mita 1. Duka la tatu wamenionyesha seti mbili zenye maelezo kamili, moja desibeli 86, nyingine 92. Kuongeza desibeli 3 kunadai wati maradufu, kwa hiyo tofauti ya 6 ni mara nne. Ile ya 86 ingetaka wati 60 kufanya kazi ambayo mwenzake anaifanya kwa 15. Na ile ya 86 ndiyo iliyokuwa na koni inayong’aa, muuzaji akaisifia zaidi.

Nimechukua ya 92 kwa Sh 190,000. Koni ya plastiki, ukingo wa mpira, twita zimetengana na spika kubwa ili zikae juu karibu na vioo vya pembeni. Karatasi sitaki tena, si kwa jua la Dar na unyevu wake.

Jumatatu, 7 Julai. Saba Saba

Wengine wamekwenda kwenye maonyesho, mimi nimekwenda kwa fundi. Ana mikono mizuri na anafanya kazi haraka. Alitaka kukata soketi ya Toyota aunge waya kwa waya, nikamwambia, “Fundi, nina soketi ya kugeuza, usikate.” Amekubali bila ubishi. Waya uliokatwa na kusokotwa kwa tepu huota kutu ndani ya mlango, na atakayefuata hajui upi ni upi.

Baada ya saa mbili akawa amemaliza. Tukawasha.

Twita nzuri mno. Mapigo ya upatu yametoka pale yalipokuwa yamefukiwa. Lakini besi imepungua kuliko jana, jana yenye spika moja mbovu! Na sauti ya mwimbaji Bitchuka, ile nyembamba inayopaa, haikai mbele yangu. Inaelea, mara iko nyuma ya kichwa, mara haina mahali. Fundi akasema spika mpya huwa ngumu, zitalainika baada ya wiki. Nimemlipa nikaondoka, na njia nzima nilikuwa na huzuni ya mtu aliyelipa pesa akarudi nyuma.

Jumanne, 8 Julai, usiku

Spika mpya kweli hulainika kidogo. Haiwezi kupoteza besi yote kwa sababu ya ugumu.

Nimekumbuka jambo ambalo mjomba alilifanya nikiwa mdogo, na betri ya tochi. Kesho nitajaribu.

Jumatano, 9 Julai

Ndiyo yenyewe.

Nimechomoa waya za spika kwenye soketi ya nyuma ya redio, nikazigusisha kwa betri moja ya tochi, ya volti 1.5, chanya ya betri kwenye waya wa chanya. Gusa na kuachia, si zaidi. Spika ya kushoto koni imeruka mbele. Ya kulia imerudi ndani. Mlango wa kulia umeungwa kinyume.

Redio ikisukuma, koni moja inakwenda mbele wakati mwenzake anarudi. Upande mmoja unaikandamiza hewa, mwingine unaivuta, na zinafutana. Sauti za juu haziumii sana kwa sababu mawimbi yake ni mafupi, yanapishana. Wimbi la hezi 60 lina urefu wa karibu mita 6, ni refu kuliko gari zima. Halina mahali pa kujificha. Kinachobaki ni ile sauti isiyo na kwao.

Nimegeuza pini mbili. Dakika tano. Bitchuka amekuja kusimama juu ya dashibodi, katikati, na besi imerudi.

Ninaandika hili kwa hati kubwa nilisome siku nyingine: KABLA YA KUFUNGA KAVA, PIMA KWA BETRI.

Imerudi, lakini bado ni ya kuvimba. Noti moja inanguruma na mlango mzima unatetemeka nayo, inayofuata haisikiki. Hapa si spika tena.

Jumamosi, 12 Julai

Siku nzima kwenye milango, mimi na fundi. Nilimpigia simu kumweleza habari ya waya. Hakukasirika, alikuja na vifaa vyake mpaka nyumbani na akaomba nimwonyeshe mchezo wa betri. Nimemheshimu kwa hilo.

Mlango wa gari ndio boksi la spika, na boksi langu lilikuwa bati lenye matundu. Koni inatoa sauti mbele na nyuma. Ya nyuma ni kinyume cha ya mbele, na ikipata upenyo wa kuzunguka na kukutana nayo, besi inafutika tena, safari hii ndani ya mlango mmoja. Kwa hiyo kazi ilikuwa mbili: kunyamazisha bati na kuziba njia.

Tumesafisha bati la nje kwa petroli kidogo, tukabandika karatasi nzito zinazonata, zenye foili upande mmoja, tukizikandamiza kwa roli dogo la mbao mpaka foili ilale. Si lazima kufunika kila mahali. Ukipata katikati ya bati, pale linapolia zaidi, umepata sehemu kubwa. Nimegonga kwa kucha kama ile Jumapili. Sasa linajibu kwa mlio mfupi, mzito, kama mlango wa mbao.

Halafu pete. Spika ilikuwa imekaa juu ya kiunzi chembamba cha plastiki kinachocheza. Fundi amekata pete za plaiwudi. Mbao zilizosagwa na kugandishwa zingekatika kwa urahisi zaidi, lakini zikinusa maji huvimba, na ndani ya mlango maji huteremka kila mvua kupitia kwenye mpira wa kioo. Tumezipaka rangi ya mafuta mara mbili, tukaweka sponji nyembamba kati ya pete na bati. Matundu makubwa ya bati la ndani tumeyaziba kwa karatasi zilezile badala ya nailoni iliyochanika.

Saa kumi na moja jioni tumewasha. Fundi alikuwa amekaa kiti cha abiria, kimya. Chemko lilipoanza akasema, “Kumbe hapo kuna gitaa jingine.” Lilikuwa lile la pili. Amelipiga wimbo mzima juu ya goti lake kwa vidole.

Besi inatembea. Kila noti na urefu wake.

Jumapili, 20 Julai

Nimeosha gari, na kwenye kona ya kwanza nikasikia maji yanacheza ndani ya mlango wa kushoto. Tulipokuwa tukibandika, karatasi moja ilishuka mpaka chini na kuziba vitundu vya kutolea maji. Nimefungua tena, nimekata, maji yametoka kikombe kizima. Mlango unaokaa na maji huoza kuanzia chini, na mota ya kioo hufa. Vitundu vile viko kwenye ukingo wa chini kabisa wa kila mlango. Nimevipitisha waya kwenye milango yote minne kuhakikisha.

Jumamosi, 2 Agosti

Mdogo wangu amekuja. Ana sabufa ya inchi 12 kwenye buti, na anataka nami niweke. “Dada, bila sabufa hujafika.” Kwa muziki wake hakosei. Singeli inakwenda zaidi ya mapigo 200 kwa dakika na ngoma yake ya chini inataka koni kubwa. Mimi buti nalihitaji. Waya wa chini wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, ni kama hezi 41, na milango yangu haishuki huko. Lakini sikio huijua noti kwa sauti zake za juu zinazofuatana nayo, na hizo ninazo. Amenionyesha jambo moja la maana: kwenye redio yangu kuna kichujio, nikakiweka hezi 80. Koni zimeacha kuhangaika na sauti za chini kabisa zisizoziweza, na sauti za waimbaji zimesafika zaidi.

Nami nimefungua boneti yake. Waya mnene umetoka kwenye betri moja kwa moja mpaka kwenye amplifaya nyuma, bila fyuzi. Umepita kwenye tundu la bati lisilo na mpira. Siku bati likiukata ngozi, waya ule ni moto mpaka betri iishe, naye amekaa juu yake. Fyuzi inatakiwa iwe karibu na betri, isizidi sentimita 45, kwa sababu inalinda waya, hailindi amplifaya. Sikumwacha aondoke na gari. Tumechomoa waya kwenye betri na amerudi kwake kwa daladala, amenuna.

Jumapili, 3 Agosti

Amelifuata gari lake, kisha amenitumia picha. Fyuzi iko pale, na tundu limewekewa mpira.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Bagamoyo, kwenda na kurudi, na mdogo wangu kiti cha kushoto. Nyimbo nyingine zimenisikitisha. Zile nilizotumiwa kwa WhatsApp, zilizobanwa mara tatu nne, sasa zinajianika: upatu unachemka kama mafuta ya kukaangia. Nitazitafuta upya kwenye CD. Lakini zilizo nzuri ni nzuri kweli, na kutoka Bunju mpaka nyumbani mdogo wangu hakugusa redio hata mara moja.

Hesabu, kwa kumbukumbu: spika 190,000. Soketi na klipu 14,000. Karatasi nzito 80,000. Plaiwudi, rangi na sponji 16,000. Fundi 50,000. Jumla Sh 350,000. Zilizokwenda kwenye mlango wenyewe ni 96,000, na ndizo zilizoleta besi.