Kwacha za Kitwe, Shilingi za Tunduma

Julai 2023 nilikuwa likizoni nyumbani Iyula, msimu wa kuchuma kahawa ukiwa umepamba moto, simu ilipoingia kutoka Kitwe. Binti wa dada yangu, anayefanya biashara huko, alikuwa amelazwa na alihitaji upasuaji. Hospitali ilitaka kwacha 6,000 kabla ya kumwingiza chumbani. Asubuhi yake nilitoka hadi barabara kuu, nikapanda gari la Tunduma.

Mjomba alinisindikiza mpaka kituoni. Aliniuliza, “Mpwa wangu, umebeba kwacha?” Nikamwonyesha kadi ya benki. Akaitazama kama mtu anayeonyeshwa mbegu asiyoijua, akasema, “Haya. Wewe ndiye msomi.”

Anayeijua Tunduma anajua kwamba ule mpaka ni mstari wa makaratasi kuliko wa watu. Upande mmja ni Tunduma, wa pili ni Nakonde, na muuza nyanya wa pande zote mbili hupokea shilingi na kwacha bila kushangaa. Wabadilishaji wa mitaani husimama na mabunda yao mkononi. Siku ile walinitajia shilingi 137 kwa kwacha moja. Nikawapita. Sheria inataka fedha za kigeni zibadilishwe na wenye leseni, nami hufundisha vijana utii wa sheria. Lakini nikiri kwamba kilichonipitisha zaidi ni kiburi. Mtu mwenye shahada ya uzamivu na kadi mfukoni, asimame juani kuhesabu noti?

Kitwe nilifika nimechoka, nikaenda moja kwa moja kwenye mashine ya kutolea fedha. Ilikubali kutoa kwacha 2,000 tu kwa mkupuo mmoja, hivyo nilirudia mara tatu. Kila mara iliniuliza kama ningependa makato yafanywe kwa kwacha au kwa shilingi za Tanzania. Nilifurahi kuiona fedha ya kwetu kwenye kioo cha ugenini, nikabonyeza shilingi. Hilo ndilo lilikuwa kosa, na ninalieleza hapa ili ndugu msomaji asilirudie: ukichagua fedha ya nyumbani, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango cha kubadilishia, naye hapangi kwa kukuhurumia. Chagua daima fedha ya nchi uliko.

Jioni, nikiwa kwenye benchi nje ya wodi, nilifanya hesabu. Kwacha moja ilinigharimu shilingi 143. Kila mkupuo, benki yangu ilikata ada ya shilingi 12,000, na mwenye mashine akakata yake ya kwacha 30. Jumla nilitoa shilingi 906,870 kwa fedha ambayo Tunduma ningeipata kwa 822,000. Shilingi 84,870 zilikuwa zimeyeyuka, zaidi ya nauli yangu ya basi ya kurudi Nakonde. Ni asilimia 10 na ushei. Mataifa yaliafikiana kwamba ifikapo 2030 gharama ya wahamiaji kutuma fedha kwao isizidi asilimia 3. Yangu haikuwa fedha ya mhamiaji, lakini aliyelazwa hatofautishi.

Upasuaji ulifanyika usiku ule. Siku ya pili tuliambiwa zinahitajika kwacha 4,000 zaidi za dawa na kitanda. Nilimpigia mjomba, si kwa kuomba msaada, bali kulalamika. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nisiende tena kwenye ile mashine.

Saa nne baadaye alikuja mtu nisiyemfahamu, muuzaji wa mchele. Alinihesabia kwacha 4,000 mbele ya mlinzi, akaondoka bila kunisainisha chochote. Mkewe yuko Tunduma. Mjomba alikuwa amemkabidhi shilingi 552,000 mkononi. Mwenye mchele anauza kwa kwacha Kitwe lakini ananunua kwa shilingi Tunduma, hivyo shida yangu ilikuwa faida yake: alipata shilingi mahali anapozihitaji, kwa 138, shilingi moja tu juu ya bei ya mtaani. Hakuna noti hata moja iliyovuka mpaka.

Watu wa pwani wameijua njia hii kwa karne nyingi kwa jina la hawala. Na Januari 2022 ulizinduliwa Accra mfumo wa Afrika nzima wa malipo, PAPSS, ambao ukivuliwa suti yake ni jambo lile lile: madeni ya pande mbili hufutana, benki kuu zikamalizia tofauti, bila kila malipo kulazimika kupitia dola. Mfumo huo nimeuzungumzia darasani kwa michoro ubaoni. Sikuwahi kufikiri kwamba mjomba wangu, aliyeishia darasa la saba, anautumia toka nikiwa mtoto.

Asinielewe mtu kwamba ninausifu uchochoro. Jirani yetu mmoja aliuza mahindi yake mwaka 2013 na kulipwa kwacha za zamani. Zambia ilikuwa imeondoa sifuri tatu kwenye fedha yake tangu Januari 1 mwaka ule, 1,000 za kale zikawa 1 mpya, na noti za kale zilikoma kupokewa madukani mwishoni mwa Juni. Yeye aliona sifuri nyingi akadhani amepata. Alipofika nyumbani hakuwa na pa kushtaki, kwa sababu mbadilishaji wa mtaani hana jina wala risiti. Mwenye mchele naye angeweza kutokomea na 552,000 zetu, na mjomba asingekuwa na karatasi ya kuonyesha.

Lakini serikali imezoea kuliona tatizo upande mmoja tu. Katika ukaguzi wa maduka ya kubadilishia fedha, ulioanzia Arusha Novemba 2018 na kufika Dar es Salaam mwaka 2019, maduka mengi yalifungwa. Huenda yapo yaliyostahili. Swali ambalo sikulisikia likiulizwa ni kwa nini mkulima wa Mbozi amwamini mke wa muuza mchele kuliko benki yenye walinzi wawili mlangoni. Kwa kwacha 4,000, mwanamke yule alitutoza shilingi 4,000. Benki zangu mbili kwa kwacha 6,000 zilitutoza 84,870, kila kitu kikiwa halali na kimechapishwa kwa maandishi madogo.

Mpwa wangu alitoka hospitali baada ya siku tisa. Nilirudi Iyula na kwacha 340 zilizobaki, nikadhani nitazipoteza bure. Mjomba alizichukua, akazifunga kwenye karatasi ya daftari, na kabla ya juma kwisha kijana wa jirani aliyekuwa anasafiri kwenda Ndola alikuja kuzinunua, kwa 137.