Kamera ya porini na baiskeli niliyoinunua mwenyewe

Karibu mwezi mzima sijaandika kitu hapa, na wadau wawili wameniuliza kama nimeoa kimya kimya. Sijaoa. Nilikuwa nyumbani Binza, huku upande wa Maswa, na nimerudi na jambo ambalo gazetini sikuliandika. Nimeona niwamegee ninyi, kisha mnihukumu.

Ilianza hivi. Mwishoni mwa Juni mhariri wangu alinipigia simu. "Wewe si mtu wa Simiyu? Msimu wa uwindaji wa kitalii unafunguliwa Julai mosi. Nenda kaniletee habari ya maandalizi. Maneno mia nane na picha." Nauli ya ofisi, tena ya kwenda nyumbani! Nikafunga begi usiku ule ule.

Kwa wasioujua mkoa wetu: Simiyu ilizaliwa rasmi mwaka 2012 ilipomegwa hasa kutoka Shinyanga. Watu wengi wa mbali wanatujua kwa mambo mawili, pamba na Gamboshi. Ya Gamboshi na wachawi wake tuyaache, nimechoka kuulizwa kila nikijitambulisha. Jambo la tatu ambalo wengi hawalijui ni kwamba mashariki mwetu kuna Pori la Akiba la Maswa, lililoanzishwa mwaka 1962, na nyuma yake ni Serengeti yenyewe. Kwa hiyo sisi ni watu wa jembe na ng'ombe, lakini simba (kwetu shimba) si mnyama wa kwenye kitabu.

Basi, nikaenda kwenye kambi moja ya uwindaji mkoani humu. Sitaitaja kwa jina, na mbele mtaelewa kwa nini. Nilipokewa na mwindaji bingwa, ndivyo sheria inavyomwita mtu mwenye leseni ya kumwongoza mgeni anayewinda. Nilitegemea mzungu mwenye kofia pana. Nikamkuta Mtanzania mwenzangu wa makamo, mtu wa Arusha, amekaa chini ya turubai na kompyuta mapajani, anaangalia picha kama mtu anayechagua picha za harusi.

"Karibu, mwandishi," akasema. "Bunduki bado ziko kabatini. Msimu unaanzia hapa."

Akanionyesha kamera yenyewe. Kijisanduku cha rangi ya majani makavu, ukubwa wake kama redio ndogo ya mkulima. Ndani kuna betri na kadi ya kumbukumbu. Kinafungwa kwenye mti kwa mkanda, usawa wa goti au kiuno, kikielekea njia ya wanyama au mahali pa maji. Kina kitu kinachohisi joto linalotembea. Mnyama akipita, joto la mwili wake likawa tofauti na la mazingira, kamera inapiga. Usiku inatumia mwanga ambao jicho letu halioni, ndiyo maana picha zinatoka nyeusi na nyeupe na macho ya wanyama yanang'aa kama sarafu. Kila picha ina tarehe na saa.

Jambo hili si geni duniani. Mmarekani aitwaye George Shiras alikuwa akiwapiga picha wanyama usiku miaka ya mwisho ya 1800, mnyama mwenyewe akijikwaa kwenye kamba na kuwasha mwanga. Picha zake zilitoka kwenye jarida la National Geographic mwaka 1906. Leo huko kwao mwindaji wa kawaida anayemsaka yule mnyama wao anayefanana na paa, mwenye pembe kama matawi, hufunga kamera miezi kadhaa kabla ya msimu. Siku ya kwanza anajua dume lipi linapita wapi na saa ngapi. Imefika mahali jimbo la Arizona likapiga marufuku kamera hizo kwa ajili ya uwindaji kuanzia Januari 2022, kwa hoja kwamba mnyama naye apewe nafasi yake.

Nikamuuliza yule bwana, je, hiyo si kumwonea mnyama?

Akacheka. "Kwa swala, labda. Kwa simba, bila hii nitamwua asiyestahili."

Hapo akanipa somo. Kanuni za uwindaji nchini mwetu zinataka simba anayepigwa awe dume wa miaka sita au zaidi. Ukipiga kijana, unaadhibiwa kwa kukatwa mgawo. Sababu ina mantiki. Dume mwenye familia akifa mapema, madume mengine yanaingia, na jambo la kwanza yanalofanya ni kuua watoto aliowaacha. Risasi moja, vifo vitano. Mwaka 2004 watafiti akina Karyl Whitman na Craig Packer waliandika katika jarida la Nature kwamba wakipigwa wale waliokwisha kulea tu, idadi ya simba inaweza kuhimili. Wakaeleza na namna ya kumpima: pua. Simba mtoto ana pua ya waridi, na kadiri anavyokua inaota madoa meusi. Weusi ukizidi nusu, ana miaka mitano kwenda juu.

"Sasa niambie," akasema, "nani ataona pua ya simba jioni, mita themanini, moyo unadunda? Lakini kamera inamwona usiku kucha akila chambo, na mimi ninaikuza picha hapa nikinywa chai."

Na chui? Chui vilevile: anayeruhusiwa ni dume tu, na jike la chui aliyekomaa si rahisi kulitofautisha na dume changa gizani. Akanionyesha picha za msimu uliopita, chui juu ya tawi na mguu wa nyama ukining'inia. Mgeni wake alikaa siku kumi bila kupiga kitu kwa sababu kamera ilionyesha anayekuja ni jike.

Nikiri kitu. Nilipokuwa chuo, Mwanza, niliwahi kupoteza usiku mwingi kwenye mradi wa Snapshot Serengeti. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walianza mwaka 2010 kufunga kamera 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125 ndani ya Serengeti, wakapata picha nyingi kuliko uwezo wao. Wakaziweka kwenye mtandao, mtu yeyote duniani asaidie kusema huyu ni nyumbu, huyu ni pundamilia. Zaidi ya watu 28,000 walijitokeza. Karibu robo tatu ya picha hazikuwa na mnyama kabisa, ni majani yaliyotikiswa na upepo kwenye jua kali. Mwaka 2018 wataalamu wakaonyesha kompyuta inaweza kufundishwa kuifanya kazi hiyo yenyewe. Nilikuwa nikiona fahari na aibu kwa pamoja: bibi wa London anatambua fisi wa kwetu, na babu yangu aliyezaliwa nao hana hata simu ya kugusa.

Turudi kambini. Picha za Juni zilikuwa za njia ya maji. Twiga. Fisi. Nyati kumi na mmoja. Nungunungu. Fisi tena. Kisha bwana yule akabonyeza, akanyamaza.

Mtu. Saa 8 na dakika 14 usiku. Anasukuma baiskeli, gunia limefungwa nyuma. Uso umegeuka pembeni, mwanga umeufuta, unaona shavu jeupe tu.

"Hawa ndio wanaotumaliza," akasema. "Nyaya zao hazichagui jike wala mtoto. Mimi natozwa kwa simba mmoja, wao wanatega waya mia. Sura haionekani. Huyu atakuwa wa vijiji vya huko kwenu. Humfahamu?"

Wadau, uso sikuuona. Baiskeli niliiona. Keria ya nyuma imerefushwa kwa nondo mbili, na bamba la tope la mbele limekatwa nusu. Nondo zile zilichomelewa Bariadi mjini, mbele yangu, na fundi nilimlipa mimi. Baiskeli yenyewe niliinunua kwa mshahara wangu wa kwanza, nikampa mtoto wa baba yangu mdogo ili abebee pamba.

Nikasema, "Hapana, simfahamu."

Nikafunga daftari, nikaomba picha nne za simba na chui, nikaaga.

Jioni ile nilikuwa nyumbani. "Mwangaluka," nikamsalimia babu kwa makosa, maana hiyo ni ya asubuhi, akanicheka kwamba mji umenipoteza. Bibi akaleta matobolwa na chai. Nikamwonyesha babu picha ya simba kwenye simu yangu. Akaishika mbali na macho, kisha karibu.

"Kijana huyu," akasema. "Tumbo halijashuka. Na angalia mguu, hana kovu. Dume la kupigana lina makovu."

Nikamweleza habari ya pua. Akasema pua hajawahi kuikaribia kiasi hicho, na waliowahi hawakurudi kusimulia.

Babu aliwinda. Kwa mishale ya sumu, na baadaye kwa kitu kingine ambacho hapendi kukitaja. Ulipokuja ule msako wa kitaifa wa majangili mwaka 1989, Operesheni Uhai, alichukuliwa. Baba yangu alikua wakati babu hayupo. Nyumbani hatuliongelei. Usiku ule niliongea. Nikamwambia nimeona nini kwenye ile kompyuta.

Hakushtuka. Aliuliza kitu kimoja tu: "Hiyo mashine imemwona na baiskeli. Ilimwona na nyama?"

"Gunia."

"Nimekuuliza nyama."

Asubuhi nikamfuata ndugu yangu. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta, keria ileile. Nikamwuliza bila kuzunguka. Akakaa kimya, kisha akasema, "Kaka, maksai wawili walikata kamba wakaingia pori. Ukiwafuata mchana unakamatwa wewe na ng'ombe wanataifishwa. Nikawafuata usiku. Gunia lilikuwa na kamba na ugali."

Maksai wawili walikuwa zizini, kweli. Na ni kweli kwamba ng'ombe wakikamatwa hifadhini unaweza kuwapoteza wote. Lakini pia ni kweli kwamba mtu hafuati maksai kwa kusukuma baiskeli yenye keria ya kubebea mzigo. Nilimtazama, akatazama chini. Mwaka huu pamba yake ilishambuliwa na wadudu, na ana watoto watatu.

Nikamwambia, "Kule kuna kamera. Hazilali. Na zinakuja nyingine, zikiona binadamu zinatuma picha kwa askari muda uleule. Zilijaribiwa Grumeti tangu mwaka 2018. Usirudi tena, hata kwa maksai."

Akasema, "Wabeja, kaka." Asante. Basi.

Habari yangu ilitoka. Maneno mia nane, simba wa pua nyeusi, chui juu ya tawi, mhariri akafurahi. Hakuna baiskeli ndani yake. Na haya ninayoandika hapa nimebadilisha mambo mawili matatu ili mtu asiende kumtafuta.

Lakini kuna kitu kinaninyima usingizi, na ndicho kilichonifanya niandike. Mwaka jana niliandika habari ya mahakamani: mkulima mmoja kahukumiwa miaka 20 jela kwa kukutwa na nyara za Serikali. Nilijaza aya tatu, nikaziandika kwa dakika kumi na tano, nikaenda kula. Jina lake lilichapishwa, umri, kijiji. Sikumpigia mkewe. Sikuuliza pamba yake ilikuwaje. Sikuuliza kama gunia lilifunguliwa mbele yake. Nilimwita jangili kwenye kichwa cha habari kwa sababu lilikuwa neno fupi na lilitosha kwenye safu.

Sisemi yule hakuwa na hatia. Wala sisemi wanyama wamalizwe kwa sababu watu wana njaa. Nimeona picha ya kwato iliyokatwa na waya, na yule bwana wa kambini hakuwa mwongo: waya hauangalii pua ya mtu. Ninachosema ni kwamba kwa ndugu yangu nilitafuta kila njia ya kumwelewa, na kwa yule mwingine sikutafuta hata namba ya simu. Tena nimekwenda mbali zaidi. Nimemweleza mtu kamera ziko wapi. Kama alifuata maksai, nimemwokoa ndugu. Kama hakufuata maksai, nimemsaidia jangili kuwakwepa askari, mimi ninayeandika kwamba ujangili upigwe vita.

Nimeanza kumtafuta mke wa yule mkulima. Nimepata jina la kitongoji, nitakwenda nikipata ruhusa kazini. Sijui nitamwambia nini nikifika. Nadhani nitaanza kwa kumsalimia na kukaa.

Ninyi mngefanyaje pale chini ya turubai, mlipoulizwa "Humfahamu?" Semeni ukweli, msinionee haya.