Motokaa ya Baba Mdogo

Baba yetu mdogo alipofariki aliacha mjane, watoto sita, na motokaa moja aina ya Peugeot 404. Ilisimama chini ya mwembe huko Mudzi-Pela, hapa Bunia. Tangu utoto wetu tuliambiwa kwamba hiyo si motokaa ya hivi hivi: ilikimbia katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1968. Nasi tulisadiki, maana nyuma, juu ya mlango wa mizigo, palikuwa na neno la chuma linalong'aa: "Injection".

Basi, mwaka huu akaja bwana mmoja kutoka Kampala, mnunuzi wa motokaa za zamani. Akasema, kama ni ya asili atatoa dola 9,000. Kama siyo, tutazungumza. Akataka barua ya mtu ajuaye Kifaransa, mwenye kuaminiwa, ieleze habari zake zote. Jamaa wote wakatugeukia sisi. Tulisoma seminarini, tena tu katekista, nani mwingine? Mtoto wa kwanza wa marehemu akatuvuta kando, akasema, "Kaka, andika tu. Nani atauliza?" Karo ya wadogo zake wawili ilikuwa haijalipwa.

Msitusifu, wasomaji. Hatukukataa. Tulisema tutatazama kwanza.

Yafaa tueleze kidogo. Peugeot 404 ilianza kutengenezwa mwaka 1960 huko Sochaux, mashariki ya Ufaransa, na umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia. Ile ya abiria iliendelea kutengenezwa Ufaransa mpaka 1975. Injini yake ya asili ina ujazo wa sentimita 1,618, nayo imelazwa ubavu, kama mtu aliyeegemea ukuta. Nyingi zilitumia kabureta. Chache, za bei kubwa, zilikuwa na pampu ya kusukuma petroli moja kwa moja, na hizo ndizo zilizoandikwa lile neno nyuma.

Na sifa ya Safari si uongo. Mashindano yalianza 1953, na kwa miaka mingi yalifanyika siku za Pasaka, wakati wa mvua, katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 walishinda Nick Nowicki na Paddy Cliff kwa Peugeot 404. Magari zaidi ya 80 yalianza, 7 tu yakafika. Miaka 1966 na 1967 walishinda Bert Shankland na Chris Rothwell wa Tanzania, kwa 404 vilevile. Mwaka 1968 mvua ilikuwa kubwa mno, yakafika tena magari 7 tu, na mbele yao wote Nowicki na Cliff, na 404 yao. Hata wazee wa hapa Bunia, ambako mashindano hayakufika kamwe, hukumbuka habari hizo.

Tulikwenda Jumamosi pamoja na fundi mmoja mzee. Jambo la kwanza tuliloliona, nasi tulikuwa tumelitazama miaka thelathini bila kuliona: usukani uko kushoto. Kenya, Uganda na Tanzania usukani uko kulia. Hiyo peke yake si hoja, kwani wageni waliweza kuja na magari yao. Lakini fundi alipofungua kifuniko cha injini, akacheka. "Katekista, pampu iko wapi?" Palikuwa na kabureta, tena si ya zamani. Tulisugua kibati cha nambari kwa mafuta ya taa, tukatafuta na nambari iliyogongwa katika chuma cha bodi. Zililingana. Motokaa yenyewe ilikuwa halali kabisa. Kisha tukaenda nyuma. Lile neno lilikuwa limeshikwa kwa skrubu mbili zisizofanana.

Mama mdogo alitutazama kwa muda, akaingia ndani, akatoka na daftari. Kumbe marehemu aliandika kila kitu. Alinunua motokaa mwaka 1979 kwa mfanyabiashara mmoja Mgiriki wa hapa mjini. Mwaka 1988 aliandika: "Kampala. Neno la nyuma." Na bei yake. Hakuficha, sisi ndio hatukuuliza. Yaelekea hadithi ya Safari ilizaliwa na lile neno, ikakua yenyewe vinywani mwetu watoto.

Tuliendelea kufunua. Mei 2003, vita vilipowaka mjini, aliandika kwamba amefungua magurudumu manne na kabureta, akavizika usiku migombani, ili watu wa silaha wasiichukue motokaa. Alikimbia na jamaa yake kwa miguu. Aliporudi, motokaa ilikuwapo, imepigwa risasi mlangoni. Magurudumu aliyafukua, kabureta haikuonekana tena. Lile tundu tulilidhani siku zote kuwa la kutu.

Tuliandika barua usiku ule, kurasa mbili: mwaka, nambari, kabureta ya kigeni, neno lililonunuliwa, migomba, risasi. Mikono ilitutetemeka, twakiri, kwa ajili ya zile karo.

Yule bwana alisoma mara mbili. Akatoa dola 3,200. Mtoto wa kwanza aliondoka bila kuaga, na mpaka leo akitukuta njiani hugeuza uso. Karo ya mmoja imelipwa. Ya wa pili twaitafuta bado.

Siku ya kuichukua motokaa, mnunuzi aliomba apewe na lile daftari, akaongeza dola 200 juu yake. Mama mdogo alilifunga katika kitenge chake. "Motokaa umeinunua, baba," akasema. "Chukua." Akaingia ndani.