BAFU LA MZEE LISITELEZE



Mimi ni bwana shamba. Miaka mingi nimepita vijiji vya Bukoba na Muleba nikifundisha wakulima kutandaza nyasi migombani. Lakini bafu la mama yangu sikulikagua. Lilikuwa na mawe laini, yenye utelezi. Siku moja baada ya mvua mama alianguka, akavunjika nyonga. Sasa hatembei bila mkongojo.

Mifupa ya mzee huvunjika upesi. Basi, kagua bafu la mzee wako leo. Sakafu iwe ya saruji, ichorwe mistari kwa ufagio kabla haijakauka. Iiname kidogo upande mmoja, maji yaende migombani. Usiweke kizingiti. Simika nguzo imara ya kushika. Weka kiti kisichoyumba, kinachofika magotini, maana kigoda kifupi humpa mzee taabu kuinuka. Mlango ufunguke kwa nje, ili akianguka mumfikie.

Huna saruji? Ondoa mawe laini, shindilia changarawe.

Mimi nilijenga bafu la namna hii baada ya mama kuumia. Wewe jenga kabla.