Tynnichus wa Olmotonyi

Nimeandika shairi moja tu zuri maishani. Nililiandika usiku wa msiba wa baba, hapa Olmotonyi, saa nane za usiku, vikombe vimeshaoshwa na wazee wamesinzia chini ya turubai. Beti 7. Sikuhesabu kitu. Kesho yake baba mdogo alilisoma makaburini, akashindwa kulimaliza, akampa mwingine karatasi. Watu wakaniambia, "Hilo limekushukia." Nikaamini, nikakaa kusubiri lingine linishukie. Huu ni mwaka wa 11.

Katikati hapo nimetunga mengi, jamani. Vina vipo, mizani ipo. Roho hamna.

Ndiyo maana Ion ya Plato ilinichoma. Ni majibizano mafupi, unayamaliza kwa daladala ya kwenda mjini na kurudi. Ion ni mghani wa Ephesus, bingwa wa Homer. Wakitajwa washairi wengine anasinzia. Akitajwa Homer tu, macho kodo, maneno yanamwagika. Socrates anamwambia huo si ufundi, maana fundi angeweza kusema kitu kuhusu washairi wote. Ni kama sumaku: jiwe huvuta pete ya chuma, pete nayo ikavuta nyingine. Mungu humvuta mshairi, mshairi humvuta mghani, mghani akatuvuta sisi. Na ushahidi wake mkubwa ni Tynnichus wa Chalcis, mtu ambaye hakutunga chochote cha kukumbukwa isipokuwa wimbo mmoja wa sifa ulioimbwa na kila mtu.

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka. Socrates ana kejeli zake, huwezi kujua anasifu au anasuta, lakini kama asemayo ni kweli basi mimi nilikuwa bomba tu. Maji yalipita, yakakatika.

Juzi nikalitoa lile shairi nikalihesabu kwa mara ya kwanza. Mishororo 28, mizani nane kwa nane, hakuna hata moja iliyopungua. Sasa huyo aliyenishukia alizijua vipi kanuni za Sheikh Kaluta Amri Abedi? (Ndiye yule ambaye uwanja wa mpira wa Arusha una jina lake. Kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilitoka 1954, na nadhani wengi wanaoingia pale kuangalia mpira hawajui kwamba alikuwa malenga.)

Kitabu hicho sikukisoma mapema. Kanuni nilizipata kitaluni. Baba alikuwa kibarua wa miche ya misindano, na siku za likizo nilimsaidia kujaza udongo kwenye viriba. Tulivipanga nane, tunaacha nafasi, tunapanga nane tena. Yeye husoma shairi la gazetini kwa sauti, silabi moja kiriba kimoja. Kiriba kikibaki bila silabi, anasema mshairi huyo amepunja. Nilichukia kazi ile, mikono inapasuka kwa baridi ya Meru. Miaka sita ya likizo.

Nimerudi pia kwa Mwana Kupona. Utendi wake wa 1858 aliutunga akiwa mgonjwa, ugonjwa umeshatimiza mwaka. Anamwita binti yake aketi karibu, aje na wino na karatasi. Bismillahi inafuata baada ya hapo. Wino kwanza! Siku hizi naisoma sehemu hiyo mara nyingi kuliko Ion.

Desemba tunajengea kaburi la baba, ukoo wote utakuwepo. Mama anataka shairi jipya. Nilimwambia, "Mama, halijanijia bado."

"Kwani baba yako miche alikuwa anaisubiri imjie?"

Sikuwa na jibu. Jana usiku nimekaa mezani hadi umeme ukakatika, nikaendelea kwa tochi ya simu. Nina beti mbili. Ya kwanza sijui kama ina roho, nimeisoma mara nyingi mno kuweza kusema. Ya pili, kituo chake kimepungua mizani moja, na neno ninalolitaka lina mbili.