Pombe Ikigoma



Nilipotea kidogo, nisameheni. Nilikwenda Mvumi, si mbali na Dodoma mjini, kumsalimia mama mkubwa. Yaliyonikuta huko acha niyaseme.

Mama mkubwa alikuwa amepika wujimbi, pombe yetu Wagogo ya mtama. Ndoo tatu, za kuuza Jumamosi, ili binamu yangu apate nauli ya kurudi shule ya bweni Jumatatu. Na debe la mtama huku kwetu, kwenye msimu mmoja tu wa mvua, si la kuchezea.

Nililazwa chumba kinachopakana na jiko, zilipokuwa zile ndoo. Harufu na mlio wa mapovu vikaninyima usingizi. Usiku nikazihamishia stoo, kwenye sakafu ya simenti. Nikalala fofofo.

Asubuhi kimya! Povu limelala. Nikaonja: tamu kama togwa. Mama mkubwa akaja, akachungulia, akaguna. Mimi ambaye kazi yangu ni kuuliza watu maswali, nikanyamaza. Kisha nikajifanya msomi: "Mama, tuongeze sukari?"

"Mwanangu, aliyepigwa na baridi unamlisha au unampa blanketi?"

Alikuwa sahihi kabisa. Kinachochachusha pombe ni hamira, viumbe hai, kama Louis Pasteur wa Ufaransa alivyoonyesha karne ya 19. Hula sukari, hutoa kilevi na hewa inayoleta mapovu. Hupenda joto la nyuzi 25 hadi 30 hivi. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na usiku wa Julai joto huweza kushuka hadi nyuzi 14 au chini yake. Hamira zilikuwa zimesinzia. Ule utamu ndio ushahidi: chakula kilikuwa bado kipo. Pombe ikiwa kali na kimya, imemaliza kazi. Ikiwa tamu na kimya, imegoma. Na ukichelewa, bakteria wa uchachu wanakuwahi.

Basi tukarudisha ndoo karibu na mafiga, tukazifunika blanketi. Akakoroga taratibu kwa mwiko safi ili kuinua hamira zilizotuama chini. Kisha akachota bakuli moja, akaipasha iwe vuguvugu kama maziwa ya mtoto ("ikiunguza kidole, umeziua"), akatia unga wa kimea na kikombe cha pombe iliyokuwa inachemka kwa jirani. Hakuimwaga kwenye ndoo mara moja. Alisubiri mpaka bakuli lenyewe lilipojaa povu, ndipo akaligawa. Kumbe ukitupa hamira chache kwenye ndoo nzima iliyopoa, nazo zinasinzia.

Jioni nikasikia mlio. Wadau, sijawahi kufurahia kelele namna ile.

Jumamosi ndoo mbili ziliisha kabla jua halijazama. Ya tatu haikuamka, ikachachuka vibaya, tukaimwaga. Nauli ikapungua, nikajazia mimi kabla sijaombwa. Binamu kaenda shule.

Sikuulizwa nani alihamisha zile ndoo. Wakati naaga, mama mkubwa akanishika mkono: "Ukija tena, mwanangu, stoo utalala wewe."

Haya, tuko pamoja.