Kushuka kutoka Itombwe

Wazazi, watoto darasani hawaamini kwamba kwetu kuna baridi. Basi tusaidieni. Tukiwa wadogo tuliteremka siku moja kutoka milima ya Itombwe, mwezi wa saba. Ni kiangazi, mvua hamna, lakini huko juu, zaidi ya mita 2,000, umande wa alfajiri unauma vidole na ng'ombe wanatoa moshi puani. Tulipita msitu wa mianzi, halafu kushuka, kushuka tu, magoti yanatetemeka. Mchana tukaingia bondeni. Upepo ukakatika! Migomba imetulia, harufu ya maharagi, tukavua masweta. Kwa mbali chini, Ziwa Tanganyika, lile lile la Kigoma. Njiani tulivuka mito minne. Majina tunakumbuka mawili tu. Anayejua mengine atuletee shuleni, tuyaandike ubaoni.